Tupeane uzoefu: ufunguo wa SSH unakubali kwa mkono, skripti ikiingia unakataliwa

Fundi wa Fuoni
Assalaam alaykum jamaa. Tunaosimamia ruta na swichi kwa Ansible (programu ya kuendesha vifaa vingi kwa pamoja) au skripti za Python, kimekukuteni nini na funguo za SSH, yaani kuingia kwenye kifaa kwa mbali kwa faili la ufunguo badala ya paswedi?
Naanza mie. Hoteli moja ya Nungwi, nakala za usanidi za usiku hazichukuliwi, mchana nikiingia mwenyewe hamna tatizo. Ufunguo una paswedi. Mchana ssh-agent, programu inayoushika ufunguo ukishafunguliwa, imeshaufungua; kroni, inayoendesha kazi za usiku kwa saa, haina agent. Nikaipa kazi ile ufunguo wake, bila paswedi, kwa mtumiaji wa kusoma tu.

Mpemba wa Wete
Sie ilianza seva ilipopandishwa Ubuntu 22.04. Swichi kongwe za Cisco zote zikatugomea. Kutazama `ssh -vvv`, inayoonesha kila hatua ya kuingia: "no mutual signature algorithm". OpenSSH, programu ya SSH ya kwenye seva, toleo 8.8 la 2021 ilizima sahihi za ssh-rsa zinazotumia SHA-1, hesabu kongwe iliyo dhaifu, na swichi zile hazijui nyengine. Ufunguo wenyewe mzima, kinachokataliwa ni namna ya kutia sahihi. Kwenye usanidi wa ssh wa seva tukaweka `PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa` na `HostKeyAlgorithms +ssh-rsa` kwa swichi zile tu, maana vifaa vipya havina haja ya udhaifu huo.
Kwa mkono ikakubali. Skripti ya Netmiko bado! Kumbe Netmiko, maktaba ya Python ya vifaa vya mtandao, hupitia Paramiko, maktaba nyengine yenye SSH yake, nayo haina habari na mistari ile. Tangu toleo la 2.9 Paramiko hutanguliza rsa-sha2, sahihi za kisasa, swichi ikashindwa. Dawa ni kuzizima kwenye skripti kwa `disabled_algorithms`: chini ya pubkeys zitaje rsa-sha2-256 na rsa-sha2-512. Swichi zenyewe za kustaafishwa, lakini bajeti ndo hivyo tena.

Bi Mkoani
Cisco tena: ufunguo wa RSA usiubandike mstari mmoja, IOS, mfumo wa vifaa vya Cisco, haimezi mstari mrefu hivyo. Ukate kwanza kwa `fold -b -w 72`. Kisha linganisha key-hash (alama fupi ya ufunguo) ya kwenye `show run` na jibu la `ssh-keygen -l -E md5`. Zikitofautiana, ufunguo haukuingia mzima.

Kijana wa Paje
Ruta za MikroTik: ukishamwekea mtumiaji ufunguo, kwa kawaida paswedi yake haikubaliwi tena kwenye SSH, mpaka uiruhusu kwenye `/ip ssh`. Mwenzangu alidhani kafukuzwa kazi.

Fundi wa Fuoni
Bi Mkoani, hiyo ya key-hash nimeichukua. Paje, jamaa karudi kazini?

Kijana wa Paje
Karudi. Anaingia kwa Winbox, programu ya MikroTik wenyewe, SSH kasusa.