Naomba ushauri: kusoma meseji zilizokwisha kufika ni kunasa mawasiliano?

Wanajamvi, salaam kutoka Tanga. Mwajiri wa duka moja la jumla hapa Ngamiani aliunganisha WhatsApp ya mfanyakazi wake na kompyuta ya ofisi bila ridhaa, akasoma meseji zake na mkewe, kisha akazirusha kwenye grupu la wafanyakazi. Ni udhalilishaji mkubwa, na mke naye ana haki yake hapa.

Kabla ya kuiondoa kompyuta hiyo, tulipiga picha kwa simu nyingine ile orodha ya vifaa vilivyounganishwa, maana ukishaondoa, jina la kifaa na muda wa mwisho kilipotumika hupotea. Meseji za grupu hazijafutwa.

Kifungu cha 120 cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 kinakataza kunasa mawasiliano na kufichua yaliyonaswa. Kinachonitatiza, meseji zilikuwa zimeshafika. Je, huko ni kunasa, au tusimamie kosa la kuingia kwenye mfumo bila idhini, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015? Na lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi lisubiri jalada la polisi, au viende pamoja?