Mjadala: Tufunge shule za A2, au tuwape ngazi ya kupanda?

Mwanafunzi wa uuguzi, Katuba

Jambo kwenu wote. Niko mwaka wa pili wa uuguzi katika chuo cha juu hapa Lubumbashi. Juma lililopita, tukiwa staji, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, msimamizi wetu alitukusanya kando ya chumba cha dawa akasema mabaya mengi ya hospitali zetu yana mzizi mmoja, nao ni A2. Shule zao zingefungwa kesho, alisema, nchi ingepona. Wenzangu waliitikia kwa kichwa. Mimi niliinamia daftari, maana nimetokea A2.

Kwa asiyejua mambo yetu: A2 ni yule aliyesomea uuguzi katika sekondari, miaka minne ya shule ya ufundi wa afya, ITM, akatoka na diploma akiwa bado kijana kabisa. A1 amemaliza sekondari, hata ya ualimu au ya biashara, kisha akasoma miaka mitatu katika chuo cha juu, ISTM. Tangu mfumo mpya wa vyuo, LMD (lisansi, masta, udaktari), uanze mwaka 2021, miaka hiyo mitatu inaitwa lisansi. ITM ziko chini ya Wizara ya Afya. ISTM ziko chini ya Wizara ya Elimu ya Juu. Wizara mbili kwa kazi moja, na kati yao hapana mlango.

Hilo nimelionja mwenyewe. Nilipoingia mwaka wa kwanza nilikaa benchi moja na vijana ambao hawajawahi kushika sindano. Mimi nilikuwa nimekwisha kupokea watoto wachanga kumi na mmoja kwa mikono hii. Tulifundishwa pamoja kutandika kitanda cha mgonjwa na kupima joto. Miaka yangu minne haikuhesabiwa hata saa moja. Mama yangu anauza makala, makaa ya kupikia. Alilipa minervali, karo, ya ITM, na sasa analipa tena ili nifundishwe nilichofundishwa.

Ninachosema ni hiki: A2 wasifutwe. Wapewe ngazi. A2 aliyefanya kazi miaka miwili katika kituo cha afya afanye mtihani, akishinda aingie moja kwa moja mwaka wa pili wa lisansi. Pasereli, kama tunavyoiita.

Wanaosema haiwezekani wanasahau historia yetu. Mwaka 1960, siku ya uhuru, hakukuwa na Mkongomani mwenye shahada ya udaktari. Kwa miaka mingi Wabelgiji walikuwa wamemruhusu mtu mweusi afike kwenye usaidizi wa tiba, basi. Jason Sendwe, ambaye jina lake liko kwenye hospitali kubwa ya mji huu, alitamani kuwa daktari, lakini mlango haukuwepo. Alifanya kazi ya uuguzi na usaidizi wa tiba kabla ya kuingia siasa. Waganga Wabelgiji walipokimbia mwaka ule, Shirika la Afya Duniani liliwapeleka makumi ya wasaidizi wale katika vyuo vikuu vya Ufaransa wakamalizie masomo, na baada ya miaka michache walirudi madaktari. Hakuna aliyewaambia waanze upya kujifunza kupima joto. Nchi iliwahitaji, ikahesabu walichokijua.

Nawasikiliza.

Muuguzi wa A1, Kampemba

Mdogo wangu, uchungu wako nauelewa. Lakini umesimulia habari za muuguzi, mgonjwa umemwacha nje.

Nina miaka tisa katika wadi ya watoto. Mwaka jana tuliletewa mtoto kutoka kituo kimoja cha pembeni ya mji, malaria kali, kilo 13. Walimchoma artesuneti, dawa ya malaria kali, kwa hesabu ya miligramu 2.4 kwa kila kilo. Hiyo ni hesabu ya mtu mkubwa. Mtoto wa chini ya kilo 20 anahitaji 3. Halafu sindano ya pili, ile ya saa ya 12, hawakuichoma. Walingoja kesho yake, saa ya 24. Aliyekuwa zamu ni A2 wa miaka 19, peke yake, usiku. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini tulipigana na degedege siku mbili nzima.

Hizo shule unazozitetea umezihesabu? Zinaota kama uyoga wa mvua ya kwanza. Wanafunzi thelathini wanazunguka kitanda kimoja, wa nyuma haoni hata miguu ya mgonjwa. Mtu anatoka na diploma hajawahi kupachika serumu, dripu ya maji. Vuka mpaka wa Kasumbalesa tu, uone: Zambia mtu anamaliza darasa la 12 kwanza, ndipo anaanza miaka 3 ya uuguzi. Kwa nini mtoto wa Kongo ahudumiwe na mtu aliyeanza kusomea kazi hii kabla hajabalehe vizuri?

Utasema kijijini hakuna A1. Basi tutakuwa na wauguzi wa namna mbili, wa mjini wenye elimu na wa kijijini wenye nusu elimu, na hilo ndilo tutaliita haki?

Mama, Ruashi

Mimi si munganga, ninauza sombe, majani ya mihogo. Nawasoma na hamjagusa fishi, ile karatasi ya kulipia ndipo utibiwe.

Binti yangu alipougua nilimpeleka hospitali moja kubwa. Waliniomba dola 20 za kuweka kwanza, hakuna aliyemgusa hata paji la uso. Nilirudi naye mgongoni mpaka kartie, mtaani kwetu, kwa yule kijana wa kituo chetu. Nilimwambia tu, "Docta, mutoto eko na moto," yaani ana homa. Alimshika kwanza. Deni nililimaliza kidogo kidogo, mwezi na nusu. Kama ni A2 au A1 sikumwuliza.

Papa muuguzi, mstaafu, upande wa Mitwaba

Wanangu, nimefanya kazi hii miaka 31, na karatasi yangu ni ya A2. Nimekuwa mkuu wa kituo kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo.

Binti wa Kampemba, habari ya mtoto wa kilo 13 imenichoma, na sitakujibu kwamba ni uongo. Nimeona mabaya kuliko hayo, na mengine niliyafanya mimi nilipokuwa kijana. Lakini nikueleze kituo kinavyoishi, maana mjini hamkioni.

Mwaka 1987, kule Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana kwamba wananchi wachangie gharama ya dawa ili vituo visikauke. Wazo halikuwa baya. Kwetu mchango huo uligeuka kuwa mshahara. Mimi nilingoja matrikule, namba ya kulipwa na Serikali, miaka 14. Miaka 14 yote hiyo kilichonilisha ni sehemu yangu ya malipo ya wagonjwa, na wenzangu wengi wako vilevile hadi leo. Sasa fikirini: mwezi ambao kijiji kimevuna, muuguzi anakula. Mwezi wa njaa, ambao ndio mwezi wa magonjwa, watu hawana franga, hawaji mpaka mtoto amelegea kabisa, na muuguzi naye anakwenda kulima mihogo yake saa ambayo angekuwa kituoni. Maskini akiugua, anamkuta muuguzi shambani. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kijiji na mji, kabla hujauliza mtu ana A ngapi.

Tuliwahi kuletewa A1, watatu kwa nyakati tofauti. Wa mwisho alikaa miezi mitano. Simlaumu. Mke wake alikuwa mjamzito, na mvua zikishika barabara yetu pikipiki yenyewe inabebwa begani. Mtoto wa hapa aliyesoma ITM ya hapa, mama yake yuko hapa, shamba lake liko hapa. Huyo anabaki. Mkifunga shule yake mtakuwa mmefunga kituo.

Mwanafunzi wa uuguzi, Katuba

Papa, asante. Mama wa Ruashi, pole kwa siku ile, na umetukumbusha jambo ambalo tulipaswa kuanza nalo.

Yaya wa Kampemba, dada yangu mkubwa, nakuuliza kwa heshima: mlijuaje kwamba ni kilo 13? Mlimpima. Katika kituo nilichofanyia staji ya A2, mizani ya watoto ilikuwa imevunjika tangu kabla sijafika. Tulikadiria kwa umri na kwa macho. Hesabu ya 3 na 2.4 niliifahamu, mwalimu wangu wa ITM alitukaririsha hadi tukaiota, lakini 3 mara ngapi? Ungeniweka mimi pale na lisansi yangu nzima, ningekadiria vilevile. Simtetei aliyeruka sindano ya saa 12. Hilo ni kosa lake, au la aliyemfundisha. Ila aliyemwacha peke yake usiku, bila mizani na bila mtu wa kumwuliza, hatukumtaja.

Nitakupa pia unachostahili. Shule isiyo na hospitali ya kufanyia staji ifungwe, hata leo, sitalia. Niliona darasa la wenzetu wanafunzi wengi wakigombania mgonjwa mmoja wa kidonda, na yule mgonjwa alikuwa akigeuza uso ukutani kila walipoingia. Hilo ni aibu kwetu na kwake.

Kuhusu wauguzi wa namna mbili, namna mbili tunazo tayari, na hazikuletwa na A2. Baba yangu alikuwa Gécamines, kampuni ya Serikali ya migodi. Mimi nilizaliwa katika hospitali ya kampuni, mama akitibiwa bila kutoa hata franga. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka na malipo ya mara moja, baba akiwemo. Mdogo wangu anayenifuata alizaliwa nyumbani, kwenye mkeka, jirani akishika taa. Mama ni yule yule, mtaa ni ule ule. Kilichokuwa kimebadilika ni karatasi ya baba. Leo mwenye kazi ya kudumu katika mgodi ana kliniki, mchimbaji wa mkono ananunua fishi, na mwenye fedha anavuka mpaka au anapanda ndege kwenda India. Hata kujifungua bure, ambako Serikali ilikuanzisha Kinshasa Septemba 2023, nilikufurahia sana, lakini Papa ametuonyesha swali lake: ukimwondolea mama malipo, yule muuguzi asiye na matrikule utamlipa nini? Asipolipwa atatafuta njia, na njia hiyo itapita mfukoni mwa mama yule yule.

Ndiyo maana nashikilia ngazi. A2 anayejua kwamba miaka yake ya kijijini itahesabiwa chuoni ana sababu ya kuikaa miaka hiyo na kuifanya vizuri. Sasa hivi anayetaka kusoma zaidi hana faida ya kubaki huko hata siku moja. Mimi mwenyewe nilipewa nafasi upande wa Kasenga baada ya ITM. Nilihesabu, nikaona kwamba miaka miwili kule ni miaka miwili iliyopotea, nikarudi Katuba. Bado inaniuma kuandika hivyo.

Muuguzi wa A1, Kampemba

La mizani umenikamata, sikuwa nimelifikiria. Kituo kile sijui kama kina mizani; sikuuliza, nilikuwa na hasira.

Lakini mtu wa miaka 19 peke yake usiku, hapana. Mwaka wake wa kwanza wa kazi afanye chini ya mkubwa wake, katika wadi au kituoni, na bila mwaka huo asiingie kwenye pasereli yenu. Mtihani utungwe na watu wanaoshika wagonjwa, wawepo wa wizara zote mbili. Ukiandika hivyo, nitatia sahihi yangu.

Papa muuguzi, mstaafu, upande wa Mitwaba

Nami nitatia. Ila huyo mkubwa atakayelala kituoni pamoja naye, mmesema analipwa na nani?