Mnaotumia baiskeli kwa mizunguko ya kila siku, tupeane uzoefu: umeona nini njiani?

Kengele Mbovu (Tanga)

Wakuu salaam. Tangu pikipiki yangu ife injini mwaka juzi, shughuli zote za nyumbani nazifanya kwa baiskeli: mashineni kusaga, sokoni Mgandini, kubadilisha mtungi wa gesi, kumpeleka mdogo shule. Nilijiambia ni ya muda tu, mpaka ipatikane hela ya injini. Hela ya injini imepatikana mara mbili, na mara zote mbili imekwenda kwingine, wala sijaumia.

Tanga yetu mnaijua, tambarare, na hapa hakuna wa kukushangaa juu ya baiskeli hata ukivaa suti. Lakini mji huu nimezaliwa humu na kuna mambo nimeyajua juzi juzi. Upepo, kwa mfano. Enzi za pikipiki, kaskazi niliisikia kwa wavuvi tu. Sasa naijua kwa mapaja. Mwezi wa kwanza, barabara ya kwenda Raskazone ambayo haina kilima hata kimoja inageuka mlima, na unaweza kupitwa na bibi anayetembea.

Nyingine ni mkaa. Ukitoka mjini kuelekea Pongwe, bei inateremka kadiri unavyosogea. Siku moja nilianza kulifuata punguzo la mia tano, kituo hiki mpaka kile, nikajikuta mbali kweli. Nikarudi na gunia kwenye keria, nikanywa soda mbili njiani, nikaziba na pancha. Piga hesabu mwenyewe.

Na mayai! Trei zima lilinifia kwenye tuta. Hilo tuta nilikuwa nalipita kila siku.

Haya, leteni zenu.

Mwana Magomeni (Dar)

Mkuu una bahati, uko Tanga. Dar ukipanda baiskeli roho umeishika mkononi. Ile njia ya pembeni mwa mwendokasi ukiikuta haina bodaboda wala meza ya viatu, shukuru Mungu.

Fundi Cherehani (Tabora)

Mimi ni fundi nguo, mwanamke, baiskeli yangu ya kike ile yenye bomba lililopinda. Nguo za wateja nazipeleka mwenyewe majumbani, maana mteja ukimngoja aje kuchukua, atakuja asubuhi ya harusi, na nguo haimwingii.

Ninachokiona mimi ni kamba za kuanikia. Kutoka Isevya mpaka Cheyo nazisoma kama daftari langu la wateja. Naona gauni la sendoff limekuwa la kupikia. Naona shati nililoshona kwa kitambaa cha mteja, na kumbe kilikuwa kinachuja, hakunisikiliza.

Sasa kuna sketi ya shule, ya bluu. Niliishona miaka minne iliyopita kwa binti mkubwa wa nyumba moja. Mwaka huu nikaiona kambani, upindo umeshushwa hadi mwisho, umeshonwa kwa mkono kwa uzi mweupe. Nyuzi zinaonekana mpaka barabarani! Nilijaribu kupita. Nikashindwa. Nikaegesha baiskeli, nikapiga hodi, nikamwambia mama mwenye nyumba, dada yangu, nipe hiyo sketi nikaipige mashine, bure, kesho nakuletea.

Akanyamaza, akaniangalia vibaya. Kisha akaingia ndani, akatoka na elfu mbili. Akasema, nyingine nitakumalizia mwisho wa mwezi, wala hukuwa na haja ya kuzunguka hivyo.

Kumbe alikuwa na deni langu la elfu nne, mimi nilishalisahau kabisa. Nilipokea. Sketi hakunipa.

Kengele Mbovu (Tanga)

😂😂 Elfu mbili nyingine ulipewa?

Fundi Cherehani (Tabora)

Siku hizi akiisikia kengele yangu anaingia ndani. Na mie napita palepale, sina njia nyingine yenye kivuli cha miembe kama ile.

Mie wa Wete (Pemba)

Baskeli Pemba si mchezo, huku vilima tupu. Kupanda waisukuma wewe, kuteremka yakusukuma yenyewe.

Msimu wa karafuu majamvi hutandazwa mpaka ukingoni mwa lami. Aliye ndani ya gari husikia harufu tu, akasema ah, raha. Mwenye baskeli ndiye wa kuyakwepa. Mimi mama kanituma sukari na mafuta, nateremka, breki zangu zile za kubembeleza, mbele yangu gari, kushoto jamvi. Nikachagua jamvi.

Bi mkubwa mmoja akatoka mbio na upawa mkononi: "We mtoto, wakanyaga pesa za watu!" Akanikalisha chini nizichokoe karafuu kwenye meno ya tairi, moja moja, na zilizopondeka akazihesabu. Watu wapita, wanisalimia, nami niko pale nachokoa. Nyumbani nilifika magharibi. Lakini wallahi tairi lilinukia wiki nzima.

Mwana Magomeni (Dar)

Haya na mimi nitoe langu, nisionekane mlalamishi. Kila siku navuka Jangwani kwenda Kariakoo kuchukua mzigo wa duka, pipi na biskuti, vitu vyepesi. Ndani ya daladala nilikuwa naangalia simu. Kwa baiskeli nimeona ile alama ya tope kwenye kuta, mstari ulionyooka, mafuriko ya Msimbazi yalipofikia. Kuna ukuta una mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine, na wa juu kabisa umenipita kichwa. Tangu hapo mvua ikinyesha usiku kucha sisubiri taarifa ya habari, siku hiyo duka linauza kilichopo.

Babake Achieng (Kisumu)

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Neno boda boda ambalo sasa ni la pikipiki lilianzia kwa baiskeli za Busia, waliokuwa wakivusha watu mpakani kuingia Uganda. Mzee wangu alifanya kazi hiyo hapa Kisumu, na baiskeli yake aina ya Black Mamba ndiyo naendea omena sokoni Kibuye. Shida ni kwamba nikirudi ananiuliza nimepitia wapi, kisha anaanza: hapo nilibeba mwalimu mmoja mnene, akanihurumia akashuka mwenyewe. Pale jamaa alitoroka bila kulipa. Sasa nikifika hapo aliposhuka mwalimu na mimi hushuka, sijui kwa nini, hata kama sina mzigo.

Mbeba Boksi (Utrecht)

Huku Uholanzi kila mtu ana baiskeli, hakuna sifa. Maegesho ya chini ya stesheni ya treni yanachukua baiskeli 12,500. Wiki yangu ya kwanza niliegesha bila kukariri namba ya safu, nikazunguka karibu saa nzima na mfuko wa kuku wa barafu unachuruzika.

Kitu kinachonishangaza mpaka leo ni mapazia. Jioni ukipita, sebule nyingi ziko wazi, taa inawaka, unaona watu wanakula, mwingine kalala kwenye kochi mdomo wazi. Mimi nimelelewa kubisha hodi, nikawa nageuza shingo upande wa pili, nikagonga nguzo. Pakawa hakuna hata wa kuniambia pole.

Fundi Cherehani (Tabora)

Pole.

Mie wa Wete (Pemba)

Mwenye uzi, hayo mayai sasa wayabebaje?

Kengele Mbovu (Tanga)

Kiroba cha pumba chini, juu ya keria. Trei juu yake, kisha trei tupu unalifunika. Mpira wa tyubu mbovu unaupitisha msalaba, usikaze sana. Ukifika kwenye tuta, shuka usukume, aibu weka mfukoni. Tangu nianze hivyo yamevunjika mawili tu.

Mwana Magomeni (Dar)

Na kuku mzima je?

Kengele Mbovu (Tanga)

Kuku nilimning'iniza kwenye usukani, akawa ananidonoa goti njia nzima kutoka Pongwe. Wa pili nimemwachia mke wangu aje naye kwa bajaji.