Kozi za OET na IELTS kwa manesi: tunachukua mkopo tufundishwe Kiingereza cha kidato cha pili

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Uzi huu ni wa manesi na wakunga wanaojiandaa na mtihani wa Kiingereza (OET, ule wa watu wa afya, au IELTS, ule wa jumla) ili wasajiliwe na NMC, baraza la manesi na wakunga la Uingereza, hasa wewe ambaye jioni hii unataka kumtumia pesa mwalimu wa mtandaoni aliyekuahidi "B ya uhakika". Shika simu yako kwanza, usome.

Kituo nilichosoma sikitaji, maana vingi vinafanana. Nililipia maandalizi ya OET. Nilichopewa ni tensi. Madarasa ya mwanzo yote tensi, tensi, tensi, kisha kugeuza sentensi za kutenda ziwe za kutendwa, kama vile kesho tunakaa mtihani wa taifa. Halafu likarushwa kwenye kundi la WhatsApp faili la "misamiati ya kufaulu", kurasa kwa kurasa: ubiquitous, quintessential, serendipity. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi. Nionyesheni barua moja ya rufaa, hapa au Manchester, iliyowahi kuandikwa serendipity.

Mtihani wenyewe sasa. Kusoma kwenye OET kuna maswali 42 ndani ya saa moja, na balaa liko Sehemu A: maandiko manne mafupi ya mada moja, maswali 20, dakika 15. Maswali ya mwanzo hayataki hata jibu, yanataka useme habari fulani iko kwenye andiko lipi. Yanayofuata unajaza neno au maneno machache kama yalivyo kwenye andiko, na ukikosea herufi umekosa alama. Dakika 15 zikiisha, imefungwa, hurudi nyuma. Hapo anayesoma mstari kwa mstari kama anasoma gazeti anafika swali la 12 muda umekwisha, hata kama sarufi yake haina doa. Kinachotakiwa ni kurusha jicho: jedwali la dozi liko wapi, dalili ziko wapi, chukua, andika, songa. Hilo linafundishika, na linafundishwa kwa saa ya ukutani. Kozi nzima sisi hatukuwekewa saa hata kwa Sehemu A moja. Tulipouliza, tukaambiwa "mtafanya nyumbani".

Na msinielewe vibaya, sarufi ina kazi yake. Sehemu C ina maandiko mawili marefu, na maswali yake yanauliza mwandishi ana msimamo gani, ana shaka na nini, neno "hii" la aya ya tatu linarudi kwenye kitu gani. Ukichanganya "huenda dawa ilisaidia" na "dawa ilisaidia" umekwenda na maji. Wenzetu wa IELTS wana lao: kauli ni kweli, si kweli, au haikutajwa? Watu wanajibu kwa wanachokijua wodini badala ya kilichoandikwa. Sarufi ya namna hiyo ndiyo tulipaswa kufundishwa: maneno ya kusitasita, viunganishi vinavyogeuza maana, viwakilishi vinavyorejea nyuma. Mwalimu wetu hajaigusa. Nadhani (hili ni langu) hajawahi hata kuufungua mtihani wenyewe, kwa sababu tulipomletea swali la Sehemu C alitutafsiria aya nzima kwa Kiswahili, akaondoka bila kusema jibu ni lipi na kwa nini.

Barua, yaani sehemu ya kuandika ya OET, ndiyo iliyonimaliza. Unapewa maelezo ya mgonjwa, dakika 45 zikiwemo 5 za kusoma, uandike barua ya maneno 180 hadi 200 hivi. Inasahihishwa kwa vigezo sita, na lugha ni kigezo kimoja tu kati ya hivyo. Vingine vinaangalia kama lengo la barua limeonekana mapema, umechagua taarifa zipi na kuacha zipi, umezipanga vipi. Sisi tulikuwa tunatuma barua kwenye kundi, zinarudi na kopa jekundu na "good, watch your grammar". Hivyo basi. Huko ndiko kusahihisha kwa mwalimu aliyekula pesa za VICOBA, na kwa baadhi yetu pesa za kausha damu.

Najua atakuja mtu kusema "Kiingereza kinakusumbua, usisingizie kozi". Kinanisumbua ndiyo, ningelipia nini sasa? Msingi nimesoma Kiswahili, sekondari na chuo Kiingereza, wodini naongea na mgonjwa Kiswahili, na kwenye faili naandika Kiingereza cha vifupisho. Nani kati yetu anaandika aya kamili kazini?

Jambo la mwisho, na hapa ndipo naona ni upigaji mtupu. Kwa OET, NMC wanataka B kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na C+ kwenye kuandika. Tangu Februari 2023 wanakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12, mradi katika mtihani wowote kati ya hiyo hakuna sehemu iliyoshuka zaidi ya nusu daraja chini ya kiwango. Maana yake aliyepata C+ ya kusoma (nusu daraja chini ya B) na kutimiza mengine hajaanza upya: anarudi kufanya mtihani, lakini nguvu zake anaziweka kwenye kusoma. Kituo chetu kiliwaambia watu wa namna hiyo walipie kozi nzima tena, kuanzia tensi. Wapo waliolipa.

Kama wahusika mnasoma hapa, na najua mnasoma: rudisheni pesa za waliolipishwa kozi ya pili, na barua zetu zisahihishwe kwa vigezo vyote sita kama tangazo lenu lilivyosema.

Wengine, kama unamjua mwalimu anayewasha saa na kurudisha barua iliyosahihishwa kweli, andika hapa hapa mji alipo na ada yake. PM za "njoo nikupe punguzo" sitajibu.