Setapu ya mezani: monita mbili za 24, moja pana ya 34, au 27 moja na kiti cha maana?

meza_tupu
Wakuu habari zenu. Nataka kuipanga upya meza yangu ya kompyuta maana nimeichoka, waya zimezagaa, monita imekalia stendi fupi af ikifika jioni shingo inakaza hadi mabegani. Mchana naandika programu, usiku naediti picha na gemu mojamoja. Niko njia panda kwenye hizi tatu:

A: monita mbili za inchi 24, pikseli (vile vidoti vya picha) 1920x1080, juu ya mkono mmoja wenye matawi mawili (stendi ya kufungwa mezani)
B: moja pana ya inchi 34, 3440x1440, ile iliyopinda
C: moja ya inchi 27, 2560x1440, hela inayobaki iende kwenye kiti na kibodi

Siwafichi, nataka ipendeze pia. Meza nyeusi, mwanga kidogo nyuma, sio ile ya kuwakawaka kila kona. Mimi nna urefu wa sm 168 na meza ina kimo cha sm 75, kama itawasaidia.

pikseli_moja
B, wala usijiulize. Ukiweka mbili unapata ule ukingo mweusi katikati ya macho, ukiweka moja pana unapanga madirisha matatu ubavu kwa ubavu, programu katikati, tovuti kushoto, maelezo kulia. Af na ukali wa maandishi, 24 ya 1080 ina pikseli kama 92 kwa inchi, hiyo 34 inakupa kama 110, ukikaa nayo siku nzima ukirudi kwenye 92 unaona herufi zina meno. Na kwenye kupinda angalia ile namba, 1800R maana yake ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.8, 1000R ni mita moja, yani namba ikishuka ndo inapinda zaidi. Kwa kazi ya picha mi nachukua 1800R au namba kubwa zaidi, ikipinda sana mistari iliyonyooka unaanza kuitilia shaka.

bawaba
Ngoja nimtetee A maana hapa anaonewa. Mkutano wa video. Mtu wa B akishirikisha skrini nzima, wenzake wenye laptopu wanaona ukanda mwembamba wenye herufi za sisimizi, ndo hapo wanaanza "tunaomba ukuze kidogo". Mwenye mbili anashirikisha moja, nyingine anabaki na yake. Pia moja ikifa unaendelea na kazi, na moja unaweza kuisimamisha wima, kwa anayesoma programu ndefu hiyo raha yake huwezi kuieleza.

ILA watu wengi wanazipanga vibaya. Wanaziweka sawasawa halafu ule mshono unakuja mbele ya pua, kwa hiyo kutwa nzima kichwa kimegeukia upande mmoja, af anasema monita mbili zinaumiza shingo. Ya kazi kubwa ikae mbele yako kabisa, ya pili pembeni na uigeuze ikuangalie.

kiwiko90
Samahani jamani naona mnabishania vioo na mwenzenu kasema shingo inakaza. @meza_tupu nambie kwanza kiti chako kinapanda na kushuka? Na hiyo meza ya 75, kwa mtu wa 168 aliyekaa miguu ikiwa imetulia chini, kiwiko kinakuja kama 65 mpaka 68 kutoka sakafuni. Maana yake unaandika mabega yakiwa juu siku nzima, na hakuna monita itakayokutibu hilo, uwe na mbili uwe na kumi.

Njia ni mbili. Ushushe kibodi kwa trei ya kuvuta chini ya meza, au upandishe kiti mpaka viwiko vilingane na meza halafu uweke kitu cha kukanyagia maana miguu itaanza kuning'inia, na ikining'inia ukingo wa kiti unabana mapaja kwa chini. Ukishatulia hapo ndo upange kioo, kwa mpangilio huo, sio kinyume chake. Ukingo wa juu wa monita usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa kama mkono ulionyooshwa, sm 50 mpaka 100 hivi kulingana na ukubwa. Anayevaa miwani ya kuonea mbali na karibu ashushe zaidi, la sivyo atakuwa anainua kidevu kutwa apate kusoma kwa ile sehemu ya chini ya miwani. Na meza usiipange ukitazamana na dirisha wala dirisha likiwa mgongoni, liwe ubavuni.

pikseli_moja
@kiwiko90 sawa kabisa, ila bado hujampa jibu la kioo 😂

kiwiko90
C. Na sio kwa ubahili. Ile 34 pana kimo chake ni kilekile cha 27 ya kawaida, kama sm 33, ni 27 iliyoongezwa mbavu tu, upana unafika sm 80 dhidi ya 60. Sasa ule upana wa ziada unalipwa na shingo kama unakaa karibu, ukiwa na meza nyembamba kwenda mbele huna pa kurudi nyuma. Kama meza ina sm 75 au 80 kwenda ndani hapo hata B naikubali.

bawaba
Na kwa gemu pia aangalie, 3440x1440 ni pikseli karibu milioni 5, 2560x1440 ni kama milioni 3.7. Kadi ya grafiki inabeba mzigo wa theluthi zaidi kwa kila picha. Kama kadi yake ni ya makamo ataisikia feni.

sina_kelele
Nimeona neno kibodi nimekuja mbio. Kabla hujawaza rangi za vitufe chukua isiyo na namba upande wa kulia, ile ya vitufe 87. Unaokoa nafasi, sawa, lakini faida yake hasa ni kwamba mausi inasogea karibu na bega linapumzika badala ya mkono kutanuka nje saa zote. Kama kazi yako ni hesabu za kujaza namba sahau nilichosema, au nunua kile kipande cha namba cha pembeni ukiweke kushoto. Vile vimiguu vya nyuma ya kibodi VIKUNJE, vinainua kiganja kinapinda kwa juu, sijui kwa nini bado wanavitengeneza. Swichi (kile kidude chini ya kila kitufe): nyekundu zinashuka laini, za kahawia unasikia kijigongo kidogo kidoleni, bluu ni za kelele na kama unaishi na mtu mwingine msitiri. Na ule mto wa viganja ni wa kupumzikia ukiacha kuandika, sio wa kukandamiza huku unaandika.

waya_sifuri
Wote mmesema vizuri ila mtu kasema anataka IPENDEZE na hakuna aliyemjibu. Urembo wa setapu nusu yake ni waya. Trei ya chuma chini ya meza, ekstensheni ya umeme uikaze humohumo ndani, kutoka mezani hadi ukutani ushuke waya mmoja. Tumia velkro, usitumie zile kamba za plastiki za kukata, maana utabadilisha kitu tu. Na kwenye mkono wa monita acha waya na ulegevu, ukiuvuta mbele ukakuta waya umekaza unang'oa kichwa cha kebo.

Mkono wenyewe: angalia nyuma ya monita kama ina matundu manne ya 75x75 au 100x100 mm, zingine za urembo hazina. Angalia na uzito, mkono wa gesi (unaobeba monita kwa springi ya gesi) una kiwango cha chini NA cha juu, monita ikiwa nyepesi kupita kiasi inapanda yenyewe. Meza ya kioo usifunge klempu (kile kibano cha mkono) kabisa. Na kiwiko cha huo mkono wa monita kinahitaji nafasi kwa nyuma, meza ikibana ukutani monita inakusogelea usoni, watu wengi wanaligundua hili screw zimeshakazwa.

Taa ya nyuma weka nyeupe ya 6500K (kipimo cha rangi ya mwanga, hiyo ni nyeupe kama ya mchana), mwanga hafifu. Inapunguza ule ukali wa kioo kinachowaka kwenye chumba cheusi, na kwa anayeediti picha haimdanganyi rangi. Ukiweka zambarau ukutani jicho linazoea zambarau, halafu ngozi za watu kwenye picha unaziona kama za kijani, unazipeleka zambarau bila kujua. Zambarau iwake wakati wa gemu.

bawaba
Na ndani ya kioo je? Mi naona meza safi halafu desktopu ina ikoni mia, yote kazi bure. Windows kuna Rainmeter ukitaka saa na vidude, ila vidude vitatu vinatosha. Linux ukiwa na KDE Plasma (programu ya muonekano wa desktopu) unabadilisha kila kitu mpaka unasahau kazi. Kuhusu mandhari nyeusi, inapendeza kweli, lakini mwenye astigmatizimu (tatizo la umbo la jicho linaloleta ukungu) herufi nyeupe kwenye nyeusi zinamchanua, huyo akae na kijivu au arudi nyeupe mchana. Na ukinunua monita ya OLED (kila pikseli inawaka yenyewe) ficha ule mstari wa ikoni wa chini, kitu kisichohama kinaacha alama.

meza_tupu
Nimesoma yote, asanteni. Meza ni ya mbao nzito, kwenda ndani ni sm 60 tu na imebana ukutani, kwa hiyo B imejiondoa yenyewe. Naenda na C, kibodi ya 87 ya kahawia, na kitu cha kukanyagia. Mkono wa monita nitasogeza meza kidogo kutoka ukutani. Sasa kiti, cha gemu kile chenye mabawa au cha wavu cha ofisini?

pikseli_moja
Sm 60 kweli hapana. Naikunja bendera, kwa meza hii tu lakini.

kiwiko90
Cha wavu, ila kwa sharti ukikalie kwanza. Vile vya gemu vingi mabawa ya mabegani yanayasukuma mbele, na ile mito ya kiuno inahamahama. Ukikaa mgongo umegusa kiegemeo, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili vitatu, visipopita kiti ni kirefu kwako. Mikono ya kiti ishuke hadi ipite chini ya meza, isipopita utakuwa unakaa mbali na kibodi kila siku na mgongo utakifuata kioo. Kama kina kiegemeo kinachorudi nyuma kwa upinzani unaoweza kuurekebisha, hicho chukua hata kama rangi sio nyeusi.

waya_sifuri
Rangi iwe nyeusi bwana 😅 tafuta mpaka upate.