Mama kateleza tu uani, kifundo cha mkono kimevunjika. Naombeni ushauri

Binti Chamwino: Wanajamvi habari zenu, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 67. Juzi aliteleza uani akiwa na ndoo ndogo, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Anguko lile mimi ningejikung'uta tu. Mgongo nao umeanza kupinda, gauni lake la kanisani siku hizi linaburuza chini. Majirani wanasema nimpe supu ya kongoro kila siku. Itarudisha mifupa kweli?

Nesi Mstaafu: Marahaba mwanangu, pole. Kongoro mpe akipenda, ila kalsiamu yake ni kidogo. Mfupa ni kama ukuta wa tembe: kolajeni, yaani nyuzi za protini, ndizo fito, madini ya kalsiamu na fosfeti ndio udongo. Na ukuta huu uko hai, kuna seli zinazobomoa na zinazojenga kila siku. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni ya kike, inashuka na wabomoaji wanashinda. Tena damu haivumilii kupungukiwa kalsiamu. Chakula kisipoileta, vitezi vya shingoni vinaagiza ichotwe mifupani, maana mifupa na meno ndiyo yenye asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili. Anatumia dawa gani?

Binti Chamwino: Ana pumu. Miaka mingi anameza predinisoloni, kifua kikibana tunanunua dukani.

Nesi Mstaafu: Basi hapo ndipo penye shida! Dawa hiyo ikimezwa muda mrefu inapunguza mifupa. Lakini nakuomba sana, USIMKATISHE ghafla, ni hatari. Mpeleke kwa daktari, mtaje miaka yote aliyoitumia, muulizie dawa ya pumu ya kuvuta na kipimo cha wingi wa mfupa. Eksirei ya kawaida huchelewa kuonesha, mpaka mfupa uwe umepungua sana.

Mkulima wa Bahi: Naongezea. Umri wake anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,200 kwa siku, kikombe cha maziwa kina kama 300. Mgando na dagaa wa kuliwa mzima vinasaidia. Mama yangu alivunjika nyonga, akajifungia ndani kwa woga, akazidi kudhoofu. Wa kwako atoke nje apate jua, atembee. Ndoo mbebeeni nyinyi.

Binti Chamwino: Ahsanteni sana, sikujua kabisa habari ya hizo dawa. Nimeshakusanya pakiti zake zote kwenye mfuko, kesho alfajiri tunakwenda.