Ushauri: kijimashine cha umeme badala ya sindano za Kichina kwa maumivu ya kongosho

Baba Rehema: Wakuu, salaam. Nina ugonjwa sugu wa kongosho tangu 2019. Pombe niliacha mwaka uleule, sigara mwaka jana. Maumivu yanaanzia chini ya chembe cha moyo, yanapenya hadi mgongoni, hasa nikila chenye mafuta. Usiku nalala nimejikunja, magoti kifuani. Tramadoli inanituliza ila inafunga choo, na naogopa kuizoea.

Kariakoo nimeona kijimashine cha betri, nyaya mbili, vibandiko vinne. Muuzaji anasema ni akupancha, yaani tiba ile ya sindano za Kichina, ila bila sindano, na kinaponya kongosho. Kuponya siamini. Je, maumivu kinapunguza? Nibandike wapi? Mke wangu hataki hela ya ada iguswe kabla sijajibiwa na aliyekitumia.

Kibo_2: Pole sana mkuu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, hivyo vijimashine tunavitumia kila siku kwa viungo. Umeme mdogo unasisimua mishipa ya fahamu, na taarifa ya maumivu inazuiwa kwenye uti wa mgongo kabla haijafika kwenye ubongo; ni nadharia ya lango ya watafiti Melzack na Wall, 1965. Kwa kongosho ushahidi ni haba. Utafiti wa Denmark wa 1985 kwa wagonjwa 23 haukuona nafuu ya kuwafanya waache dawa. Kwa hiyo tramadoli usiiache kienyeji.

Ukijaribu, nukta ya Zusanli, mojawapo ya sehemu zinazochomwa sindano kwenye akupancha, iko vidole vinne chini ya pia ya goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Anza sifuri, panda polepole hadi usikie kama sisimizi wanatembea, bila kuungua. Mapigo 80 hadi 100 kwa sekunde, nusu saa. Mwenye betri ya moyo, kifafa au ujauzito asiguse bila daktari. Usibandike shingoni kwa mbele, kifuani, wala penye kidonda.

Bi Zuhura wa Tanga: Pole mwanangu. Mimi nina miaka minane na ugonjwa huu. Nabandika mgongoni, pande mbili za uti, usawa wa maumivu, nikapata usingizi. Lakini niambie, choo chako kinaelea? Unakonda? Vimeng'enya, vile vidonge vya kusaidia kusaga mafuta ya chakula, unameza? Vinamezwa pamoja na chakula, tonge la kwanza na katikati. Mimi miezi sita nilimeza nikishamaliza kula, hakuna aliyenielekeza, vikapotea bure. Na sukari upime, kongosho likichakaa insulini nayo hupungua.

Kibo_2: Shikamoo Bi Zuhura, umesema la maana. Naongeza moja: ikija homa, macho ya manjano au kutapika kusikokoma, mashine weka pembeni, nenda hospitali usiku huohuo.

Baba Rehema (siku tisa baadaye): Shikamoo Bi Zuhura, ahsanteni wote. Niliazima mashine kwa jirani. Chini ya goti sikuona tofauti. Mgongoni, maumivu ya saba kwa kumi yalishuka hadi tano, kama saa mbili hivi, nikalala nimenyoosha miguu. Choo kinaelea tangu mwaka jana, nilidhani ni mafuta ya chipsi. Vimeng'enya sijawahi kuandikiwa. Jumatatu nina kliniki, nitaanza na hilo na kipimo cha sukari. Mashine sijanunua, ada ya Rehema imelipwa.